Mguu wa Imidido Chini ya Kioo

Dermoskopia ni uchunguzi wa ngozi kwa kioo cha kukuzia chenye taa yake. Kifaa chenyewe, dermoskopu, hutosha kiganjani: lenzi inayokuza kitu takriban mara 10, taa ndogo ndogo zilizoizunguka, na betri ya kuchajiwa. Daktari hukiweka juu ya ngozi au karibu nayo, huinamisha jicho, na kile kilichoonekana kama doa au sugu hufunguka kuwa ramani ya mistari, vitone, mifereji na rangi. Kwa miaka mingi kifaa hiki kilisifika kwa kazi moja, kutambua saratani ya melanoma kwenye ngozi nyeupe za Ulaya, Marekani na Australia. Katika nchi za Maziwa Makuu kina kazi nyingine isiyo ndogo: kusoma ngozi ya mguu uliovimba miaka nenda miaka rudi kwa sababu maji ya limfu yamekosa njia.

Nchini Rwanda mguu wa namna hiyo una jina linalojulikana kila kilima: imidido. Neno hilo la Kinyarwanda limebeba mengi kuliko ugonjwa. Mna ndani yake harufu ya jeraha lisilokauka, mna msichana aliyekosa mchumba, mna mtoto aliyeacha shule kwa kuwa hakuna kiatu kinachoingia mguuni, na mna minong'ono kwamba mwenye mguu huo amerogwa au amekanyaga kitu alichotegewa njiani. Mgonjwa huanza kwa mhudumu wa afya wa kijijini, akapelekwa kituo cha afya, kisha hospitali ya wilaya, na akiwa na bima ya afya ya jamii, mituweli, na karatasi ya rufaa ndipo afike hospitali kubwa. Mojawapo ni hospitali ya kijeshi ya rufaa na ya kufundishia iliyoko Kanombe, wilayani Kicukiro, mashariki mwa jiji la Kigali karibu na uwanja wa ndege. Pamoja na jina lake, hospitali hiyo hupokea raia kama inavyopokea askari, na ina idara ya ngozi na kituo cha kutibu saratani kwa mionzi. Mgonjwa anapofika ngazi hiyo mguu wake umekwisha kupewa majina mengi, na mengi kati ya hayo si yake. Kioo kidogo hakiponyi mguu. Kinachofanya ni kuuepusha na jina la uongo, na kwa ugonjwa huu jina la uongo hugharimu miaka.

Ili kuelewa kinachoonekana kwenye lenzi, ni lazima kwanza kujua kilichotokea chini ya ngozi. Damu ikipita kwenye mishipa yake myembamba, sehemu ya majimaji huvuja na kuzunguka kati ya seli. Mishipa ya limfu huyazoa majimaji hayo, pamoja na protini, mafuta na takataka za seli, huyapitisha kwenye tezi za kinena na kwapa, kisha huyarudisha kwenye damu. Mishipa hiyo ikiziba, majimaji hutuama. Mwanzoni mguu huvimba jioni na kunywea asubuhi, na ukiubonyeza kwa kidole hubaki shimo. Lakini maji yenye protini nyingi hayatulii kama maji ya mtungini. Huchochea seli za kovu kutandaza nyuzi, huchochea mafuta kujijenga, na uvimbe uliokuwa laini hugeuka kuwa mgumu. Wakati huohuo ulinzi wa mwili mahali hapo hudhoofika, kwa kuwa askari wake husafiri kwa njia ileile iliyoziba. Bakteria hupenya kwenye mpasuko wowote, mguu huwaka moto, homa hupanda, mtoki huchomoza kinenani, na mgonjwa hulazwa kitandani siku kadhaa. Kila shambulio la namna hiyo huacha kovu jipya, na kila kovu huziba njia zaidi.

Chanzo cha kuziba huko hutofautiana kwa mahali. Kwa msomaji wa Mombasa, Tanga au Zanzibar, mguu mkubwa ni matende, na matende huletwa na mbu. Ni kweli: pwani ya Afrika Mashariki mnyoo mwembamba uitwao Wuchereria bancrofti hubebwa na mbu, hukaa ndani ya mishipa ya limfu na kuiharibu, na kwa wanaume wengi huleta mabusha. Lakini huko juu, kwenye milima ya ardhi nyekundu iliyotokana na volkano, mguu huvimba bila mnyoo. Ernest Price, daktari mpasuaji wa Kiingereza aliyefanya kazi Ethiopia, ndiye aliyeufuatilia ugonjwa huo katika miaka ya 1970 na 1980 na kuupa jina la podokoniosi, kutokana na maneno ya Kigiriki yenye maana ya mguu na vumbi. Mwaka 1976 alichapisha taarifa juu ya miguu iliyovimba ya Rwanda na Burundi.

Maelezo yanayokubalika leo ni kwamba chembe ndogo sana za madini ya udongo huo hupenya ngozi ya mkulima atembeaye peku, humezwa na seli za ulinzi, na kuanzisha mwasho na kovu ndani ya mishipa ya limfu. Kukanyaga udongo peke yake hakutoshi. Wako wanaolima shamba moja maisha yao yote, mmoja akaugua na mwingine asiugue, na uchunguzi wa kijenetiki uliochapishwa mwaka 2012 kutoka Ethiopia ulionyesha kwamba jeni za kinga za kundi la HLA humfanya mtu awe mwepesi kudhurika. Kwa hiyo ugonjwa huandama baadhi ya familia, jambo ambalo kijijini huthibitisha uvumi wa laana.

Kati ya tarehe 12 Juni na 28 Julai 2017, Rwanda ilifanya jambo ambalo nchi chache zimelifanya: kuutafuta ugonjwa huu nchi nzima. Watu 1,360,612 walipitiwa, 1,143 wakakutwa na uvimbe wa limfu, na 914 kati yao wakathibitishwa kuwa na podokoniosi. Makadirio yalikuwa wagonjwa 6,429 kwa nchi nzima, sawa na watu 68.5 katika kila 100,000. Wilaya iliyokuwa na kiwango kikubwa zaidi ni Nyamasheke, magharibi, yenye 119.2 kwa kila 100,000, na yenye kiwango kidogo zaidi ni Nyarugenge, katikati ya Kigali, yenye 28.3. Hata hicho kidogo si sifuri. Ugonjwa ulioaminika kuwa wa watu wa chini ya volkano za Birunga, Musanze na Burera, ulikutwa kila upande wa nchi, jiji likiwemo.

Jinsi jina linavyoweza kupotea ilionekana Uganda. Mwaka 2015 wilaya ya Kamwenge, magharibi mwa nchi hiyo, ilitangaza miguu iliyovimba kana kwamba ni mlipuko mpya, na wa kwanza kushukiwa alikuwa mbu. Uchunguzi ukaonyesha ni podokoniosi, na kwamba wagonjwa wengine walikuwa wakiishi nayo kwa miongo.

Juu ya uvimbe huo ngozi hubadilika kwa mpangilio unaojulikana. Dalili za awali ni ndogo mno: mwasho juu ya mguu karibu na vidole, kuungua usiku, unyayo unaotanuka, na mistari ya kawaida ya ngozi kuwa minene na kuonekana wazi zaidi. Baadaye ngozi ya shina la kidole cha pili haibaniki tena kwa vidole viwili vya daktari, alama iliyoelezwa na Stemmer mwaka 1976. Vidole vya mguu hukakamaa kama vipande vya mti. Kisha huja vinundu, vikiwa vidogo na vingi kama kuvumwani juu ya gogo, au vikubwa na vigumu kama kokoto. Madaktari hupanga podokoniosi katika hatua 5, kuanzia uvimbe unaonywea usiku hadi mguu ambao kifundo chake hakikunjiki, na mahali vinundu vilipofikia, chini au juu ya kifundo, ni sehemu ya kipimo hicho.

Mabadiliko haya si ya podokoniosi pekee. Mguu ulioharibiwa na mnyoo, na ule ulioharibiwa na mionzi, upasuaji, unene au maambukizi ya kujirudia, yote huishia kwenye ngozi ya namna moja. Aldo Castellani, Mtaliano aliyewahi kufanya kazi Entebbe mwaka 1902 na 1903 wakati wa janga la malale, ndiye aliyeupa mguu wa aina hii usio na mnyoo jina la elephantiasis nostras, yaani matende ya kwetu, akimaanisha ya nchi zisizo za joto. Jina hilo limekaa vitabuni hadi leo, ingawa lina ubaguzi wake: yaliyoitwa ya kwetu huko Ulaya yalikuwa yakiwatesa wakulima wa Afrika wasio na mnyoo wowote, na hakuna aliyewahesabu.

Dermoskopia haikuanzia kwenye miguu. Johann Saphier wa Munich ndiye aliyelitumia neno hilo mwanzoni mwa miaka ya 1920, akitumia hadubini kubwa ya mezani. Rona MacKie wa Glasgow alionyesha mwaka 1971 jinsi njia hiyo inavyosaidia kutenganisha madoa salama na madoa hatari kabla ya upasuaji. Vifaa vya mkononi vilienea kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1980.

Kanuni yake ni nyepesi. Ngozi haimezi mwanga wote unaoifikia: tabaka la juu kabisa, lile gumu lililokufa, hurudisha sehemu yake kama kioo cha dirisha la duka wakati wa mchana, na mng'ao huo huficha kilicho ndani. Ukipaka mafuta, spiriti au jeli ya ultrasaundi na kugandamiza kioo, mng'ao huondoka na tabaka za ndani huonekana. Vifaa vya kisasa hutumia pia mwanga uliochujwa, wenye mawimbi yanayotikisika upande mmoja tu, na kwa huo daktari huweza kutazama bila kugusa. Mguu unaovuja majimaji, wenye vidonda au maumivu, hutazamwa vizuri zaidi hivyo.

Rangi hutoa nusu ya habari. Melanini ikiwa juu ya ngozi huonekana nyeusi, ikishuka kidogo huwa ya kahawia, na ikizama zaidi huwa kijivu au buluu, kwa sababu mawimbi mafupi ya mwanga hutawanywa na kurudi yakiwa buluu. Damu ni nyekundu au zambarau. Kovu ni jeupe. Keratini, ile dutu ya kucha na sugu, huwa nyeupe au ya manjano, na ikikaa na uchafu wa shamba hugeuka kahawia. Mwaka 2020 wataalamu wa chama cha kimataifa cha dermoskopia walikubaliana juu ya utaratibu mmoja wa kuitazama ngozi yenye magonjwa yasiyo ya uvimbe wa saratani: kwanza mishipa ya damu, umbo lake na mpangilio wake, kisha magamba, kisha vitundu vya vinyweleo, kisha rangi na maumbo mengine, mwishowe alama mahususi ikiwa ipo. Kabla ya hapo kila daktari alikuwa akiandika lugha yake.

Utaratibu huo ukifuatwa juu ya mguu wa limfu, picha inayojitokeza hulingana na yale ambayo wanapatholojia huyaona kwenye vipande vya ngozi. Ngozi ya juu imenenepa na kujikunja kuwa matuta. Kwenye lenzi matuta hayo huonekana kama vilima vilivyobanana, kila kimoja na kichwa chake cha mviringo au kirefu kama kidole, na kati yake mna mifereji myeusi yenye kina. Anayekijua kilimo cha Rwanda huweza kukumbuka mashamba ya matuta yanayoshuka mlimani, yenye mitaro kati yake. Juu ya vilima hivyo hukaa keratini, hapa nyembamba kama vumbi jeupe, pale nene na ya manjano kama ganda la mkate. Mahali ambapo kovu limetawala huonekana bapa leupe lisilo na mchoro wowote ndani yake, na chini ya mwanga uliochujwa huweza kumetameta mistari mifupi myeupe ya nyuzi zilizoshonana. Mtandao wa kawaida wa kahawia, ambao kwenye ngozi nyeusi ni kama wavu uliotandazwa vizuri, hapa huwa umekatika, umekolea mahali na kupotea mahali.

Alama yenye thamani kuliko zote katika mguu huu ni malengelenge ya limfu. Mishipa ya limfu iliyojaa kupita kiasi hutanuka mpaka chini ya ngozi ya juu na kutokeza vijipu vidogo ambavyo kwa macho matupu hufanana na chunjua au mayai ya chura. Kwenye lenzi huonekana kama vidimbwi vilivyotenganishwa na kuta nyeupe, vyenye maji angavu au ya manjano hafifu. Damu ikichanganyika humo, seli nzito huzama na kidimbwi kikawa na rangi mbili, juu angavu na chini nyekundu. Hiyo si sugu ya kukwanguliwa wala chunjua ya kuchomwa. Ni tundu linalosubiri kupasuka, na likipasuka limfu huvuja mfululizo na bakteria hupata mlango. Daktari aliyekiona kidimbwi hicho ataweka wembe kando.

Mishipa ya damu ndiyo inayosumbua. Vitabu vingi vya dermoskopia viliandikwa kwa picha za ngozi nyeupe, ambapo vitone vyekundu na vishipa vilivyojisokota huonekana wazi kama wino kwenye karatasi. Kwenye ngozi ya Mnyarwanda au Mkongo, wekundu huo hufunikwa na melanini na tabaka nene la keratini, na mwanafunzi aliyefundishwa kutafuta wekundu peke yake ataandika kwamba hakuna kitu. Upande wa pili, mabadiliko ya rangi ya kahawia, kijivu na nyeupe huonekana vizuri zaidi kwenye ngozi nyeusi. Haifai kabisa kuyachukulia maelezo ya ngozi nyeupe kama sheria kisha kuiita ngozi nyeusi ngumu kusomeka. Ina herufi zake, na madaktari wa Afrika, Asia na Amerika Kusini wamekuwa wakizikusanya kwa bidii katika miaka ya karibuni. Kituo cha Kikanda cha Mafunzo ya Ngozi kilichoko Moshi, Tanzania, kilichoanza mwaka 1992, kimetoa wataalamu wengi wa ngozi wa nchi za ukanda huu, na macho yao yamezoea ngozi hii tangu siku ya kwanza darasani.

Zipo alama ambazo lenzi huzifanyia uamuzi wa haraka. Chunjua ya kirusi, kwa mfano, huonyesha vitone vyekundu au vyeusi vya vishipa vilivyoganda ndani ya kila kijivimbe, na kwenye unyayo hukata mistari ya ngozi. Fangasi huacha magamba meupe yaliyojipanga ndani ya mistari ya ngozi na kati ya vidole. Funza, anayejulikana Rwanda kama amavunja, hujitambulisha kwa duara la kahawia lenye tundu jeusi katikati, na mara nyingine mayai yake meupe huonekana ndani ya tumbo lililotuna. Mguu wenye imidido hushambuliwa na funza kama mguu mwingine wowote wa peku, na magaga yake humpa mahali pa kujificha.

Jambo zito zaidi ni saratani ya Kaposi. Moriz Kaposi aliieleza Vienna mwaka 1872, lakini Uganda, mashariki mwa Kongo na nchi jirani ziliijua kama ugonjwa wa miguu ya wanaume watu wazima miongo mingi kabla ya Ukimwi. Kirusi chake, cha jamii ya malengelenge, kiligunduliwa mwaka 1994, na virusi vya Ukimwi vimeifanya iwe kali na ya wengi zaidi. Saratani hii huota kwenye kuta za mishipa, hupenda miguu, na huweza kuuvimbisha mguu mzima kabla vinundu vyake havijaonekana vya ajabu. Mguu mgumu, mnene, wenye vinundu vyeusi, katika mtu mkulima: picha hiyo ni ya Kaposi na ni ya imidido. Uhusiano wao huenda ukawa wa ndani zaidi ya sura. Mwaka 1993 mtafiti J. L. Ziegler alipendekeza kwamba Kaposi ya kale ya Afrika ilifuata ramani ya udongo uleule wa volkano.

Chini ya dermoskopu vinundu vya Kaposi huwa na eneo la zambarau lenye kuelekea buluu au nyekundu, na chini ya mwanga uliochujwa huweza kutokea rangi nyingi zilizopakana kama upinde wa mvua. Kwenye ngozi nyeusi zambarau hiyo hukaa karibu na kijivu, na upinde wa mvua huhitaji subira kuuona. Nao si ushahidi wa mwisho, kwa kuwa umeonekana pia kwenye makovu na kwenye ngozi iliyochakazwa na damu iliyotuama. Unachofanya ni kuonyesha mahali pa kukata. Mguu wenye vinundu 50 hauwezi kukatwa vipande 50, na kipande kimoja kilichochukuliwa kwenye kinundu cha kovu tupu huleta jibu salama la uongo. Lenzi humwelekeza mpasuaji kwenye kinundu chenye zambarau, na kipande hicho ndicho kinachokwenda maabara. Rwanda ina njia ya kuendelea kutoka hapo: maabara ya patholojia na matibabu ya saratani yapo Butaro, wilayani Burera, ambako kituo cha saratani kilifunguliwa mwaka 2012, na mionzi ipo Kanombe.

Kidonda kisichopona miaka mingi juu ya mguu wa limfu nacho huweza kugeuka saratani ya seli za ngozi ya juu. Alama zake ni madonge ya keratini ya manjano yaliyozungukwa na weupe, vishipa virefu vilivyopinda kama kibanio cha nywele, na kidonda chenye damu iliyoganda. Kwa kuwa mguu wenyewe umejaa keratini, kutofautisha hapa ni kugumu, na busara ni kuhofia kila donge linalokua haraka kuliko wenzake, linalotoka damu, au lenye mpaka unaolitenga na ngozi ya jirani.

Kuna swali moja ambalo lenzi hailijibu, na ndilo mgonjwa analolitaka kwanza: mguu huu umetoka wapi? Kioo huonyesha ngozi imefanywa nini. Hakionyeshi aliyeifanya. Vilima, mifereji, vidimbwi na weupe wa kovu huweza kuwa vilevile kwa mnyoo wa Tanga na kwa udongo wa Musanze. Chanzo hutafutwa kwa masikio na mikono. Podokoniosi huanza unyayoni na kupanda, mara nyingi kwa kijana, kwa kawaida miguu yote miwili ijapokuwa mmoja humzidi mwenzake, na aghalabu huishia chini ya goti. Matende ya mbu hupenda mguu mmoja, huweza kuanzia juu, na huandamana na mabusha. Mahali mgonjwa alipoishi, viatu alivyovaa utotoni, jamaa wenye mguu kama wake, yote huulizwa. Kipimo cha haraka cha tone la damu hutafuta chembe za mnyoo, lakini mguu wa zamani huweza kuonyesha hakuna ilhali mnyoo ulipita na kuondoka. Ukoma nao hupimwa kwa kugusa hisia za ngozi na kupapasa neva. Daktari anayekimbilia kioo kabla ya kuuliza maswali hayo atapata picha nzuri na jibu bovu.

Utazamaji wenyewe una adabu zake. Mguu huoshwa kwanza, kwa sababu udongo na ukoko wa dawa za kienyeji hutoa rangi za uongo. Kutazama huanzia kwenye ngozi inayofanana na nzima, pembeni mwa uvimbe, ili jicho lijue ngozi ya mtu huyo kabla ya kuhukumu ugonjwa wake. Kioo hakigandamizwi kwa nguvu, maana mgandamizo hufukuza damu kwenye vishipa na kutawanya maji ya vidimbwi, na alama mbili muhimu hupotea mbele ya macho. Kwenye ngozi inayovuja huwekwa karatasi angavu ya plastiki kati ya lenzi na mguu, na kifaa husafishwa kwa spiriti kabla ya mgonjwa anayefuata. Heshima ni sehemu ya adabu hizo. Mtu ambaye miaka 20 amekaa kando kwenye harusi na kanisani kwa ajili ya harufu ya mguu wake huhisi jambo jipya pale daktari anapoinama sentimita chache kutoka kwenye mguu huo bila kugeuza uso.

Baada ya jina kujulikana, tiba ya kila siku ni ya beseni na sabuni. Mguu huoshwa, hulowekwa kwenye maji yenye dawa kidogo ya klorini, hukaushwa vizuri kati ya vidole, hupakwa mafuta ya mgando au marhamu ya fangasi, hufungwa bendeji palipo na uvimbe, huinuliwa usiku, na hauachwi bila soksi na kiatu. Unyonge wa vifaa hivyo usimdanganye mtu. Katika jaribio lililofanyika East Gojjam, Ethiopia, na kuchapishwa mwaka 2018, wagonjwa 696 waligawanywa makundi mawili; waliofundishwa na kupewa vifaa hivyo walipata mashambulio 19.4 kwa mtu kwa mwaka, na waliosubiri walipata 23.9. Hesabu hiyo huonyesha pia ukubwa wa mateso: hata waliosaidiwa walikuwa wakiugua zaidi ya mara moja kwa mwezi. Vinundu vikubwa vinavyozuia kiatu huweza kukatwa na mpasuaji, na hapo lenzi hurudi kazini kabla ya kisu, kuhakikisha kinachokatwa si kidimbwi cha limfu wala zambarau iliyojificha.

Lenzi hurudi pia kwa kazi ya ufuatiliaji. Dermoskopu nyingi huunganishwa na simu, na picha ya mahali palepale, chini ya mwanga uleule, huweza kuhifadhiwa au kutumwa kutoka kituo cha afya cha mlimani hadi kwa daktari wa ngozi jijini, jambo la maana katika nchi ambayo wataalamu hao ni wachache. Mgonjwa aliyeosha mguu kwa miezi huweza kuonyeshwa picha mbili zikiwa sambamba. Kinachobadilika kwanza ni keratini: ganda la manjano huwa jembamba, magamba hupungua, sakafu ya mifereji huonekana safi. Vidimbwi vya limfu huweza kunywea bendeji ikifungwa sawasawa. Mistari iliyonenepa kwa mgonjwa wa hatua ya kwanza, aliyekuja na mwasho tu, huweza kurudi karibu na hali yake. Weupe wa kovu hubaki palepale.